Mwendo wa Fidla ya Shangazi

Wimbo wa kufungulia matangazo ulitoka kwenye spika ukijikokota kama mtu aliyeamshwa kabla ya usingizi kumtosha. Mtangazaji alikuwa ameusikia kila asubuhi kwa miaka mingi, na papo hapo akajua kuna jambo: sauti ilikuwa imeshuka, nzito, kama iliyovaa viatu vyenye matope. Fundi mitambo akainama juu ya mashine ya santuri, akagusa mkanda wake, akasema umelegea, pengine tangu jana. Akaubadilisha, akaenda zake kunywa chai. Mtangazaji alibaki palepale, damu ikimpanda usoni hadi masikioni.

Jana ilikuwa Jumapili, siku ya kipindi chake cha muziki wa okestra, na jana ndipo alipopiga santuri ya shangazi yake, dada wa baba yake, aliyemlea tangu alipofiwa na mama. Katika ujana wake shangazi alirekodi koncheto moja tu, fidla yake ikiongoza na okestra nzima ikimfuata. Mtangazaji hakuisikiliza kwanza. Watu walikuwa wamemwambia mara nyingi kwamba sikio lake halidanganywi, naye alikuwa amewaamini. Sehemu ya mwisho ilipoanza kwa kuburuta miguu, akashusha sauti yake ya hariri juu ya muziki na kuwaeleza wasikilizaji kwamba ufunguo ni mkubwa, ufunguo wa furaha, lakini wausikilize mwendo. Hiki ni kicheko cha mtu anayezuia kilio. Na kwa kuwa maneno matamu ni maji ya mteremko, hayajui kusimama, akaongeza kwamba mpigaji alirekodi wiki ileile aliyoachwa na mumewe. Jina la shangazi alikuwa ameshalitaja mwanzoni.

Simu zililia mchana kutwa. Wengine walimweleza kwamba wametokwa na machozi. Naye akalala usingizi wa mtu aliyeshiba sifa.

Sasa alikwenda kuirudisha santuri, akiwa ameazimia kutosema kitu. Njiani alijiuliza nani angejua. Muziki ukishapita hewani umepita. Hakuna mwenye mizani ya kuupimia.

Mlangoni alipishana na jirani aliyekuwa akitoka. Mama huyo alikuwa bado amemshika shangazi mikono yote miwili, akimpa pole kwa ndoa iliyokufa zamani kiasi kwamba hata aliyeivunja alishazikwa. Mtangazaji akainamisha kichwa, akapita ndani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Shangazi alirudi kwenye bakuli lake la njegere. Vidole vyake, vilivyokakamaa kwa baridi yabisi, vilipasua ganda moja baada ya jingine bila haraka. Akamsimulia jambo ambalo hakuwahi kumsimulia. Mumewe alipoondoka, ndugu walikuja kulia pamoja naye, wakamkuta akikaza nyuzi za fidla. Walimwita mwanamke asiye na moyo. Kaka yake mwenyewe, yaani baba wa mtangazaji, alimnunia mwaka mzima. Lakini yeye alikuwa na hakika na jambo moja: siku ile ya kurekodi alijiona mwepesi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. Mwongoza okestra alimsihi apunguze mbio, akakataa.

"Miaka yote hii nimeamini hivyo," alisema. "Jana nikakusikiliza. Masikio yangu siku hizi hayana nguvu, lakini hata mimi nilisikia ile fidla ilivyokuwa ikiburuta. Nikasema, kumbe. Kumbe nilikuwa nalia na sijui. Wewe umesoma, mwanangu, unayasikia tusiyoyasikia. Nimekubali."

Mtangazaji akaikumbatia santuri kifuani.

Shangazi akapangusa mikono, akafunua mashine yake ya santuri iliyokuwa pembeni chini ya kitambaa. "Iweke," akasema. "Sikulia wakati ule. Acha nilie sasa."

Mtangazaji akasimama na santuri mkononi. Mashine ile ilikuwa nzima, na ingesema kweli mara tu sindano itakapogusa. Hapo uongo mwingine ukamjia, mwepesi, umeshavaa nguo: amwambie kwamba mashine yake ndiyo mbovu, inakimbia kupita kiasi. Angeamini. Alishaamini makubwa kuliko hilo. Mtangazaji alifungua kinywa ili aseme hivyo, na kusikia kwake jinsi sauti yake ilivyokuwa tayari, laini, imetiwa asali, ndiko kulikomtia kinyaa.

"Shangazi, mashine yetu ndiyo iliyokuwa mbovu. Ilikwenda polepole, sikutambua. Ile huzuni haikuwa yako. Niliitunga mimi."

Shangazi alimwonyesha tu mashine kwa kidevu.

Fidla ikatoka kama watoto waliofunguliwa darasa. Ilipanda, ikageuka, ikawaacha wapigaji wengine nyuma wakihangaika kuifikia, na hapo shangazi akacheka kidogo, kicheko cha puani. Mtangazaji hakuthubutu kumtazama. Muziki ulipokwisha akaanza kuomba radhi, maneno yakikanyagana. Akaahidi kwamba Jumapili atawaambia watu wote kwamba shangazi alikuwa na furaha.

"Hapana," alisema shangazi. "Baba yako aliwaambia watu sina moyo. Jana wewe umewaambia ninao, ila umevunjika. Sasa unataka kuwaambia nini tena?"

Akaitoa santuri kwenye mashine, akamrudishia mtangazaji mkononi.

"Sema mwendo ulikosewa. Hayo mengine niachie mwenyewe."

Jumapili alisema hivyo, na kwamba kosa ni lake, kwa kuwa alisema kabla ya kusikiliza. Kisha akaweka sindano na kuondoa mkono kwenye swichi ya maikrofoni. Koncheto ilikwenda mbio hadi mwisho wake. Nyuma ya kioo fundi aliinua nyusi, akisubiri yale maneno matamu. Mtangazaji aliiacha sindano ikwaruze kwenye mstari wa mwisho, mzunguko baada ya mzunguko, masikio yakimwaka, asijue kama kule nyumbani kwa shangazi redio ilikuwa imefunguliwa.