Kichwa Nusu

Tangazo lilikuwa na mistari mitatu tu, na dada wa mapokezi ndiye aliyelichapa: kuanzia saa saba mchana wa leo, ususi marufuku kwenye baraza la jengo. Sasa meneja alikuwa amemkabidhi gundi akalibandike kwenye nguzo ya mlangoni. Nguzo hiyo ndiyo mama yake mdogo aliyokuwa akiiegemea akisuka vichwa vya watu, miaka kumi na tisa sasa, tangu jengo halijavikwa vioo.

Kwa miaka minne dada huyo alikuwa akipita hapo kila asubuhi na wigi lake lililonyooka, akiwasalimu wasusi kwa mkupuo kama mtu asiyemjua yeyote. Mama mdogo hakuwahi kumuumbua. Wateja wakiuliza yule binti ni nani, alijibu kuwa ni mfanyakazi wa humo ndani, akaendelea kusuka. Vidole hivyo ndivyo vilivyomsomesha.

Alilibandika tangazo akiwa amempa kisogo. Alipogeuka, mama mdogo alikuwa akilisoma taratibu, chanuo mkononi.

"Umeandika vizuri," akasema. "Hakuna kosa hata moja."

"Mama mdogo, nilitumwa."

"Najua. Wewe tangu utoto ukitumwa unafika."

Afadhali angemtukana. Aibu ilimpanda hadi masikioni, kisha ikaja hasira, na hasira hiyo haikuwa juu ya mama mdogo. Ilikuwa saa sita na nusu. Alivua wigi, akalisokomeza mfukoni, akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Nisuke."

"Kwa nusu saa? Kichwa hiki ni kazi ya saa nzima na zaidi. Na unajua mimi simwinui mtu katikati."

Alijua. Baraza zima lilijua. Mvua inyeshe, nyumbani kuwe na mgonjwa, mama mdogo hakumwachia mteja kichwa nusu. Aliyeketi kwenye kigoda chake aliondoka amekamilika.

"Ndiyo maana nimekaa," akasema.

Mama mdogo alicheka kidogo puani. "Utamwaga unga, mwanangu."

"Basi umwagike nikiwa nimependeza."

Nywele zilizofichwa miaka minne zilikuwa zimeshikana, na chanuo lilikwama kila hatua. Machozi yalimtoka, na si yote yalikuwa ya maumivu. Ilipogonga saa saba, upande wa kushoto ulikuwa umelala mistari myembamba, iliyonyooka. Wa kulia ulikuwa umesimama wote, umegoma. Mlinzi akaja, akakohoa, akaitazama nguzo badala ya watu.

"Mama, muda umefika. Barazani hapasukwi tena."

"Sijamaliza kichwa."

"Mimi nimeagizwa tu, mama yangu."

Dada wa mapokezi akainuka, akakibeba kigoda. Mama mdogo hakuuachia msuko aliokuwa ameuanza; alimfuata ameushika vilevile.

"Tangazo limekataza barazani," dada alimwambia mlinzi. "Nimelichapa mimi. La ndani halikuandikwa."

Mlinzi akasogea pembeni. Mlango wa kioo ukafunguka wenyewe. Mle ndani mlinukia dawa ya sakafu, na baridi ya kiyoyozi ilimwingia kwenye njia za kichwani ambazo hazijapigwa na upepo siku nyingi. Alikiweka kigoda nyuma ya kaunta, akaketi, vidole vikaendelea.

Meneja alitoka kwenye lifti na wageni wawili wa suti. Alisimama ghafla.

"Hiki ni kitu gani?"

"Huyu ni mama yangu mdogo." Alisema kwa sauti ya kuwafikia hata waliobaki kwenye lifti. "Alikuwa hapa kabla yetu sisi sote. Anamalizia kazi."

"Leo hii utapata barua yako."

"Nitaipokea. Kichwa kikiisha."

Simu ikaita. Alitaka kuinama kama alivyozoea, lakini mama mdogo alimshika kidevu.

"Tulia. Usiinamishe."

Akaipokea shingo ikiwa wima. "Mapokezi, karibu."

Nje, wasusi walikuwa wamekusanyika mbele ya kioo, vigoda vyao mikononi, wakichungulia. Mmoja wao akapiga hatua moja mbele, na mlango ukamfungukia.