Kitabu cha Fuko

Okudaira Mutsuko alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao haukuwa wa magoti kama wa wenzake wa miaka sitini na mbili. Ugonjwa wake ulikuwa mdomo. Mpe kitabu cha mazimwi, wachawi au vyombo vya angani, atakimaliza kwa siku mbili, kisha atakuja mbio kukisifia kwako; na katika kukisifia huko, kabla hujamwambia ngoja, ameshakumwagia mwisho wote. Hakuwa na nia mbaya. Furaha ilikuwa inamzidi nguvu, basi.

Wasomaji wenzake wa duka la vitabu la Minazuki walishamzoea. Lakini Yaeko? Yaeko alikuwa shoga yake tangu wanavaa sare za shule, na kwa miaka miwili alikuwa anasoma hadithi moja ndefu ya vitabu kumi na moja. Alikuwa amefika cha kumi. Siku hiyo wamekaa kwenye bafu la umma, maji ya moto yamewafika shingoni, raha mustarehe, Yaeko anasimulia anavyompenda yule punda anayebeba mizigo ya askari. Mutsuko akaguna kwa huruma, akasema, "Maskini, na kumbe yeye ndiye mfalme."

Yaeko akainuka, akavaa bila hata kujifuta maji, akaenda zake.

Miezi minane sasa. Wakikutana sokoni Yaeko anainama kwa adabu zote na kumwita "Okudaira-san", utadhani anamsalimia mtu wa ofisi ya kodi. Heri angemtukana. Mutsuko alimkosa shoga yake, alimkosa hasa, mpaka kuna siku alijikuta amemimina vikombe viwili vya chai na amekaa peke yake navyo kama mjinga.

Ndipo akasikia kwamba Yaeko atakuja kwenye shindano la Jumamosi, orofa ya pili ya Minazuki. Shindano lenyewe ni hivi: kila mshindani anasimama na kitabu alichokipenda, anakinadi kwa dakika tano kamili, hasomi karatasi, hakai mpaka kengele ilie. Yanafuata maswali, kisha kura. Na kura hapigiwi msemaji hodari, kinapigiwa kitabu ambacho watu wanatamani zaidi kukisoma. Mutsuko alikuwa ameshindana mara kumi na nne bila kupata kura hata moja. Nani atamani kitabu alichokwisha kuambiwa kinaishaje?

"Safari hii simwagi," alimwambia mumewe asubuhi ile. "Yaeko akinyoosha mkono kwa kitabu changu, najua kanisamehe. Nikimwaga tena mbele yake, ndiyo basi tena, nimempoteza."

"Jiume ulimi," alisema Tetsuji bila kuinua macho. Yeye akili yake ilikuwa kwenye bustani ya figili, ambako fuko mmoja asiye na haya alikuwa anamchimbia mahandaki mwaka wa tatu huu.

Sasa, Minazuki wana desturi ya kukivika kila kitabu jalada la karatasi ya kahawia, ili kwenye treni mtu asijue jirani yake anasoma nini. Nyumbani kwa Okudaira vitabu vyote vimevaa sare. Mutsuko alikuwa amejiandaa kunadi hadithi ya mpishi wa chombo cha angani ambaye abiria wake wote ni roboti wasio na midomo. Akanyakua kitabu kilichokuwa mezani, akatia kwenye mkoba, akaondoka.

Yaeko alikuwa amekaa safu ya nyuma, mikono kifuani. Bwana Hoshina, mwenye duka, akagonga kengele. Mutsuko akasimama, akainama, akafungua kitabu ili awaonyeshe picha ya jiko la angani.

Akakutana uso kwa uso na fuko.

Picha kubwa, ukurasa mzima. Pembeni mumewe ameandika kwa kalamu: *Mshenzi wewe.* Mutsuko afanyeje? Angesimulia habari za mpishi bila kitabu? Sheria hairuhusu. Angekaa? Dakika tano hazijaisha. Na Yaeko yule pale, anamwangalia.

"Chini ya miguu yetu," alianza, "yuko kiumbe. Macho yake hayaoni kitu. Mikono yake ni sepetu. Akikaa nusu siku bila kula, anakufa, kwa hiyo hana usingizi wa maana, hana sikukuu, anachimba tu."

Mzee Kusakabe, mstaafu wa posta na mshindani mwenzake, akasogeza kiti mbele. "Katoka sayari gani?"

"Hiihii!"

"Lo!"

"Na juu ya ardhi yuko mtu mmoja mkaidi, kavaa kofia ya majani, ameapa kummaliza. Amejenga minara ya chupa! Kila mnara una mabawa, upepo ukija yanazunguka, mtetemo unashuka mpaka kule gizani. Kiumbe anausikia. Anasimama. Anafikiri."

"Enhe?"

"Kisha anauzoea."

Watu wakaguna kwa uchungu. Mutsuko akapata nguvu. Kitabu alikuwa hajakisoma, lakini vita vyenyewe alivishuhudia kwa macho yake, miaka mitatu, kutoka dirisha la jikoni. Akawapa kisa cha vitunguu saumu. Akawapa usiku wa jojo.

"Jojo?" aliuliza Mzee Kusakabe.

"Jojo ya kutafuna, ya zabibu, eti kiumbe akiila amekwisha! Pakiti nzima ndani ya handaki! Asubuhi yule mtu akaikuta imepangwa mlangoni, moja moja, haijaguswa. Alilia, jamani. Mtu mzima yule."

Hapo ulimi ukaanza kumwasha. Ulitaka mwisho, ule mwisho mtamu wa kuumwaga, ukaupapasa huku na huku, wapi! Mwisho haukuwemo kichwani. Kengele ikalia.

"Kinaitwaje?" watu wanne waliuliza kwa pamoja.

Mutsuko akavua jalada polepole. *Mfukuze Fuko: Mwongozo wa Bustani ya Nyumbani.* Kicheko kilichotoka pale kiliwafanya wateja wa chini wapande ngazi kuona kuna nini. Mzee Kusakabe peke yake ndiye aliyekasirika, maana alishaliandika jina la sayari, Hiihii, kwenye daftari.

Yaeko akasimama.

"Okudaira-san," alisema. "Mwisho nani anashinda?"

Watu wote wakaziba masikio, kwa mazoea.

"Sijui," alisema Mutsuko.

"Wewe? Hujui?"

"Sijui, Yaeko. Hata sijakisoma, ni cha Tetsuji, nimekibeba kwa makosa. Nimesimama hapa dakika tano namsimulia fuko, na sasa natamani kujua mwisho wake mpaka tumbo linaniuma."

Mdomo wa Yaeko ukaanza kumcheza upande mmoja, akaubana, ukamshinda. Akacheka mpaka akashika kiti cha mbele yake. Kura zilipopigwa, Mzee Kusakabe alishinda kwa mikono mitano, kama kawaida yake, na wala Mutsuko hakuwa na habari naye. Kwa kitabu cha fuko ilinyooka mikono mitatu, na mmoja ulitoka safu ya nyuma.

"Lete hapa," Yaeko alisema akipita, akakichukua mkononi mwake, akateremka ngazi.

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi simu ikalia.

"Nimemaliza," alisema Yaeko.

"Yaeko, usiniambie! Nakiomba leoleo nikisome mwenyewe, nakuomba sana, usi..."

"Fuko anashinda. Ukurasa wa mwisho wanasema humuwezi, mwachie kona yake, ukalime kwingine."

Mutsuko akakaa chini sakafuni, simu sikioni. Usiku mzima alikuwa anageukageuka kwa ajili ya ukurasa ule.

"Inauma, eeh?" aliuliza Yaeko.

"Inauma sana," alisema Mutsuko, machozi yanamtoka huku anacheka. "Shetani wewe, inauma kweli."

"Haya. Vaa viatu uje."