Sura ya Mwene

Sitaki kujisafisha. Nilimwonea Maganga kijicho, tena kijicho cha kukosa usingizi, na nikikumbuka mpaka leo uso unanichoma.

Mwaka huo wa tisini na mbili, biashara zilishapewa ruksa, kila mtu Sumbawanga alikuwa anafungua duka na kila duka lilitaka bango. Mabango ndiyo yalikuwa kazi yangu. Kichwa cha ng'ombe kwa mwenye bucha, kiatu kwa fundi viatu, hayo niliyaweza. Ila kuchora mtu mpaka akutazame, hapo nilikuwa bure kabisa.

Aliyezijua rangi za mafuta ni Bruda Isdori wa misheni. Alitupokea wawili: mimi, na huyo Maganga, kijana wa wafugaji waliohamia Kasense na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Akatuwekea picha moja ya zamani tuinakili. Ilikuwa ya Mwene wetu, mtawala wa Ufipa enzi za mababu, na padri mmoja ndiye aliyeichora kabla sijazaliwa. Mvua ilikuwa imeivujia, nusu ya vazi limeota ukungu. Ukumbi mpya wa parokia ulitaka nakala, na itakayoshinda ingetundikwa humo, jina la mchoraji chini yake.

Mimi Mfipa, babu yangu alimbebea Mwene kiti, nishindwe na mchunga ng'ombe? Thubutu!

Bruda alitufundisha kupiga miraba kwenye karatasi na kwenye turubai, kisha kunakili mraba mmoja mmoja. Rangi nyepesi kwanza, nzito baadaye, na katikati unangoja ikauke. Kungoja ndiko kulikonishinda. Macho yalikwenda yenyewe kwa Maganga. Jamaa anachanganya kahawia na bluu kidogo, anagusa, anarudi nyuma hatua mbili, anakunja jicho la kushoto, na shavu la Mwene linainuka! Roho iliniuma jamani. Nilimchunguza kutwa nzima, anaficha nini huyu? Nikalijua kovu la nyusi yake, nikajua anavyouma mdomo akifikiri.

"Nestory, tazama picha," Bruda aliniambia kila siku.

"Naitazama, Bruda."

"Kaka Nesto, nikuchanganyie rangi ya ngozi?" Maganga aliniuliza siku moja.

"Changanya yako!"

Mwezi wa nne akaja Bibi Getruda kuchagua. Yeye ni mjukuu wa Mwene, alipakatwa naye utotoni. Tukampa shikamoo. Akaenda kwenye turubai ya Maganga, akasimama. Halafu bibi wa miaka themanini akapiga magoti, akapiga makofi taratibu, kama watu walivyomsalimu Mwene zamani.

"Babu," akasema.

Nikajua nimekwisha. Akainuliwa, akaja kwenye yangu, akainamia karibu.

"Mbona huyu ni kijana wenu huyu?" Akamwonyesha Maganga kwa fimbo.

Nikaangalia. Yesu na Maria! Kovu la nyusi. Jicho la kushoto limekunjwa. Mdomo umeumwa. Msukuma mzima kavaa vazi la Mwene wangu, kakalia kiti alichobeba babu yangu!

"Miezi mitatu, Mwene hukumtazama hata siku moja," Bruda alisema. Kisha akasogea karibu na turubai yangu. "Lakini huyu uliyemchora yuko hai."

Nilishika kisu cha rangi nikitaka kuichana. Maganga akaniwahi, akasimama mbele ya picha. Nikasubiri anicheke, kwa sababu mimi ningemcheka.

Hakucheka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Kaka Nesto, kumbe ndivyo unavyoniona?" akaniuliza. "Mji huu wote wananiita mchunga ng'ombe tu. Naomba nimpelekee mama."

Nikampa. Ningemwambiaje kwamba kila mraba wa picha ile niliuchora nikimchukia?