Hesabu ya Lori

Mume wangu Boaz alipenda ubao kuliko chakula. Katika shule ya misheni pale Thika alipewa somo ambalo walimu wengine walilikimbia, la uchumi na matumizi ya fedha, akalifundisha kwa moto wa mhubiri. Vijana wa sekondari, wengine wana ndevu kumshinda, walijifunza kwake kuweka akiba posta, kukataa kukopa dukani, na kujiuliza kabla ya kutoa shilingi: itarudi na nini? Nyumbani alitufundisha bila kuombwa. Nikinunua ndizi, ananiuliza kama nimelinganisha bei. Nilimvumilia. Mume wa hesabu si mbaya kama mume mlevi.

Alikuwa pia mweka hazina wa chama cha watu wa Nyanza tuliofanya kazi huku, kuanzia Ruiru mpaka Thika. Kazi kubwa ya chama ilikuwa moja: mtu wetu akifa, tunachanga, tunakodi lori, anapelekwa kwao. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Mtu hulala kwao, basi.

Mwaka 1957 akafa mume wa Apiyo, mfanyakazi wa shamba la mkonge. Apiyo mwenyewe alikuwa akimenya mananasi kiwandani, na mwanawe Ajwang, kijana mkubwa tayari, alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote katika darasa la Boaz. Boaz akasimama mbele ya chama na hesabu yake. Lori mpaka Ahero, kwao marehemu, ni shilingi mia tatu. Kaburi la hapa Thika ni karibu bure. Hizo mia tatu apewe mjane, Ajwang amalize shule.

"Maiti hajui amelala wapi," alisema, "lakini mtoto anajua akifukuzwa shule."

Watu walinung'unika, lakini nani angembishia mwalimu? Apiyo alikuwa ameinamisha kichwa. "Kama Mwalimu amepiga hesabu, ni sawa," akasema. Wakamzika mumewe Thika, na Ajwang kweli akabaki shuleni.

Laiti Boaz angeishia hapo. Jumatatu akaiandika hesabu ileile ubaoni, lori upande huu, karo upande ule, iwe mfano wa kuchagua kwa busara. Hakutaja jina. Darasa zima lilijua ni nani, na Ajwang alikuwa mstari wa mbele akinakili pamoja na wenzake. Jioni Boaz alinisimulia kwa fahari jinsi somo lilivyoeleweka. Nilimpakulia ugali.

Mwaka uliofuata mama yake Boaz alikuja kututembelea kwetu Kiganjo, pale pale Thika, kutoka Maragoli, ambayo siku zile ilikuwa Nyanza. Akashikwa na kifua, akafa kitandani mwetu. Boaz alilia kama mtoto. Kisha akajipangusa uso akasema, "Wacha nikamwone Champaklal. Lori yake haiharibiki njiani."

Champaklal alikuwa mwenye duka la jumla mjini, na lori lake lilikuwa likikodishwa. Nilingoja Boaz ashike kalamu. Hakushika. Mtu aliyekuwa akinihesabia njiti za kiberiti hakuuliza hata bei. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Maneno yalinifika mdomoni, nikayameza, kwa sababu mama alikuwa bado hajafunikwa uso. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Na mbaya zaidi, hata mimi nilitaka mama akalale kwake.

Champaklal alitaka mia nne mkononi kabla gurudumu halijageuka. Chama kikakutana uani kwetu. Desturi ilikuwa kwamba mweka hazina anashika sahani ya michango na kulitangaza kila jina na kiasi, ili mwenye mkono mzito aone haya. Mfiwa hawezi kujitangazia, kwa hiyo wazee wakampa Ajwang sahani. Anajua hesabu, walisema, amefundishwa na Mwalimu mwenyewe. Boaz aliyatazama matope ya viatu vyake.

Wa kwanza kusimama alikuwa Apiyo.

"Apiyo," Ajwang akatangaza. Sauti yake ilikuwa kavu, ya darasani. "Shilingi ishirini."

Watu wakaguna. Kwa mmenya mananasi zile zilikuwa pesa za kulisha nyumba. Boaz akainuka nusu. "Mama Ajwang, hizo ni nyingi. Fikiria karo ya kijana."

"Mwalimu, kaa chini," Apiyo akamwambia kwa upole. "Hii ni matanga."

Boaz akakaa. Baada ya Apiyo hakuna aliyethubutu kutoa kidogo, na jua halijazama pesa za lori zikatimia.

Asubuhi tulipokuwa tunapanda, Boaz na dereva mbele, mimi nyuma na akina mama karibu na jeneza, Apiyo akaja mbio na vazi lake la kiwandani. Ajwang alikuwa nyuma yake. Mkononi Apiyo alibeba mkebe wa samli uliofungwa kwa kitambaa. Akasimama kwenye dirisha la Boaz.

"Mwalimu, hii ni udongo ya baba Ajwang. Nimechota kwa kaburi. Lori si inapita Ahero? Shemeji yangu atangoja hapo sokoni, apeleke nyumbani, angalau watu wake wapate kitu ya kuzika." Akafungua fundo la leso na kutoa sarafu. "Wewe ndiye unajua hesabu. Mkebe kama hii ni pesa ngapi?"

Hakuwa anamkejeli. Laiti angemkejeli, tungekuwa na la kujitetea. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya sukari, na Ajwang akainua macho akamtazama mwalimu wake, akingoja jibu. Boaz hakuwahi kuliacha swali la mwanafunzi bila jibu. Safari hii aligeuka kunitazama huku nyuma.

"Hakuna malipo, dada," nikasema kutoka nyuma. "Hata senti."

Apiyo akampa Boaz mkebe, akazifunga tena sarafu zake. "Asanteni sana," akasema. "Kumbe ni bure. Na nimekaa nayo mwaka mzima chini ya kitanda, nikiogopa kuuliza."

Lori likaondoka. Kupitia kidirisha cha nyuma nilimwona Boaz ameupakata ule mkebe kwa mikono miwili. Dereva alimwambia auweke chini, Ahero ni mbali, lakini Boaz akazidi kuukumbatia.