Mluzi Kabla ya Sauti

Tetemeko lilipopita asubuhi ile, simu za mji mzima ziligeuka vioo tu mikononi mwa watu, maana minara yote ilikuwa imelala chini. Waliobaki na uwezo wa kuongea na watu wa mbali walikuwa wachache: wale wenye redio za mawasiliano za ridhaa, ambao siku za kawaida watu huwacheka kwamba wanapiga soga na upepo.

Mmoja wao alikuwa mjane, fundi wa miwani, mwenye leseni ya redio aliyoitundika dukani kando ya chati ya kupimia macho. Katika chumba cha nyuma, kati ya mashine ya kusagia lenzi na makasha ya fremu, alikaa na redio ndogo iliyofungwa kwenye betri ya gari. Habari zikimfikia, alimpa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa kiongozi wa kikosi cha uokoaji. Lori la kikosi lilisimama nje, injini ikinguruma.

Walifanya kazi pamoja, ila hawakutazamana usoni. Miaka michache nyuma, redio kubwa aliyoachiwa na mumewe iliibwa humohumo dukani. Kufuli halikuvunjwa, dirisha halikuguswa, na mtu mwingine mwenye ufunguo alikuwa shemeji peke yake. Mjane hakumshtaki, hakumuuliza. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akaacha kwenda nyumbani kwa shemeji.

Siku hiyo kikosi kilikuwa kimeshatiwa changa la macho. Sauti moja redioni ilisema watu wamefukiwa kwenye ghala karibu na soko. Walipofika hawakukuta hata paka, na walipokuwa wakihangaika kuchimba, mtu akaiba sururu na madumu ya mafuta kwenye lori lao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo sauti ya pili ilipoingia, shemeji alikunja uso kabla haijamaliza.

"Kiwanda cha magodoro," ilisema, nzito, kama ya mtu aliyeziba mdomo kwa kitambaa. "Tuko ghorofa ya juu. Ngazi zimeanguka. Kuna moshi chini. Leteni kamba na ngazi. Ova."

"Toa alama yako ya mwito," mjane akajibu. "Wewe ni nani? Ova."

"Mfanyakazi tu. Fanyeni haraka."

"Mfanyakazi hana jina?" shemeji akanong'ona. "Haya, yale yale."

Lakini mjane alikuwa amekodoa macho. Kabla ya kila neno la mtu yule kulitangulia mluzi mwembamba, kama wa birika linaloanza kuchemka. Aliujua mluzi huo. Mumewe alihangaika nao mpaka akakata tamaa, akasema redio hii inasafisha koo kabla ya kusema. Ilikuwa redio yake, ile iliyoibwa.

Akageuka akamtazama shemeji. Alimwuzia nani? Na huyo aliyenunua anamwita mwenye redio makusudi?

"Mbona unanitazama hivyo, shemeji?"

"Hamna kitu."

Sauti ikarudi. "Msipite barabara kuu, imefunikwa na udongo. Piteni njia ya nyuma, ya kiwanda cha ngozi."

Shemeji akapiga meza. "Unasikia? Kule ni vichochoro vitupu. Wakituzibia mbele na nyuma, tumekwisha."

Mjane naye aliona hivyo hivyo. Mwizi anajulikana kwa kazi yake, na huyu alikuwa ameshika mali ya wizi mkononi. Akabonyeza kitufe. "Mpe mtu mwingine aongee. Yeyote aliye hapo na wewe."

Redio ikakoroma, kisha ikaja sauti ya mwanamke, imekauka. "Mama, mimi mpishi wa kantini. Huyu anaogopa kutaja jina lake, sisi tunaogopa kufa. Nakuomba sana, mama..." Akakatizwa na kikohozi. Nyuma yake wengine nao walikohoa, kila mmoja kwa namna yake, na mtu mmoja alikuwa akigonga bati bila kupumzika.

Mjane akashusha mkono. "Mtu anaweza kuigiza kilio," akasema. "Kikohozi kile hakiigizwi."

"Kwa hiyo unamwamini?"

"Yule mwanamume? Hata kidogo. Nenda."

Shemeji akavaa kofia yake. Akawaacha vijana wawili pale wakilinda vifaa vilivyobaki, akachukua ngazi, kamba na redio yake ya mkononi, lori likaondoka.

Mjane hakumwachia mtu yule apumue. "Niambie unaona nini dirishani." Yule akawa anajibu: paa la kiwanda cha ngozi, ukuta ulioinama, mbwa juu ya kifusi. Kila jibu alilipima kama lenzi, akitafuta mkwaruzo. Kisha: "Naliona lori. Linakuja. Mama, nali..." Mluzi ukasikika peke yake, bila neno nyuma yake, halafu nao ukakatika.

Akaita, akaita tena. Vijana nje wakaacha kuongea. Alijiona amempeleka ndugu wa mumewe kwenye mtego kwa mdomo wake mwenyewe, na akashangaa jinsi moyo ulivyomuuma kwa ajili ya mtu aliyemwita mwizi siku zote.

Redio ya mkononi ikaamka. "Shemeji, tumewafikia. Wako hai. Tunawashusha."

Jua lilikuwa limeanza kupoa shemeji aliporudi, mweusi kwa masizi, na kitu kikubwa kwapani. Akakiweka mezani.

"Aliyekuita ametoka wa mwisho, mikono imeungua. Kasema, mpe mwenyewe. Ni yule fundi umeme aliyekufungia antena; siku hizi anafanya kazi kiwandani, na redio alikuwa ameificha huko."

"Fundi umeme?" Mjane alikaa. Mtu yule alishawahi kuachiwa ufunguo siku moja ya kazi, na siku moja yatosha kuchonga mwingine. Tena baada ya wizi ndiye aliyezunguka naye mji mzima kuitafuta redio.

"Wewe ulidhani nani?"

Mjane akainamisha macho mezani. Shemeji akaangalia redio, akamwangalia yeye, na taratibu uso wake ukabadilika. "Kumbe ndiyo maana," akasema. Akachukua kofia yake akatoka. Bado kulikuwa na watu wa kufukuliwa.

Simu zilipofufuka na mji ukaanza kufagia vifusi, mjane alikwenda hospitali. Fundi umeme alikuwa kitandani, mikono imefungwa bandeji hadi viwikoni. Alipomwona akatazama mlango nyuma yake.

"Umekuja na polisi?"

"Nimekuja na swali. Kuiba nimeelewa, ulikuwa unaimezea mate toka zamani. Lakini kwa nini ulinisaidia kuitafuta?"

Fundi akageuzia uso ukutani. "Nilitaka kujua unamshuku nani, mama."

"Na ulipojua?"

"Nikalala usingizi."

Mjane akasogea kando ya kitanda. Watu wote wa ghorofa ile walikuwa hai kwa sababu ya mtu huyu, na bado alitamani kumzaba kibao. Hakufanya lolote kati ya hayo mawili, si kushukuru wala kupiga. Alimvutia shuka hadi kifuani, kwa sababu mwenyewe asingeweza, akatoka.

Nje hakushika njia ya dukani. Alielekea kwa shemeji yake, mwendo wa polepole, akitafuta neno la kuanzia, na alipofika mlangoni alikuwa bado hajalipata. Akapiga hodi hivyo hivyo.