Mkanda wa Mama Chuma

Mwanangu wa kwanza alinipigia simu kunitangazia kwamba Jumamosi anakuja na gari kumchukua baba yake, akakae kwake. Hakuniuliza. Eti mimi sasa mgonjwa, nimechomwa sindano ya bega, siwezi tena kumtoa mtu mzima kitandani na kumkalisha kwenye kiti cha magurudumu. Nikamwambia karibu, ila ajue atarudi na gari tupu.

Sikatai, bega lilinitesa. Tangu Mzee, mume wangu, apooze upande mmoja nilikuwa namshika kwapani na kumvuta, kila asubuhi, mpaka nikawa siwezi hata kuchana nywele. Daktari akanichoma dawa ya steroidi ndani ya kiungo chenyewe. Baada ya siku chache maumivu yakatoweka, nami huyoo, mbio jimu kutafuta vyuma vizito.

Jimu yetu iko uani kwa fundi wa kuchomelea. Vyuma vyenyewe ni gia za malori na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Kocha aliponiona nainamia kopo kubwa, akaja akalikalia.

"Mama Chuma, daktari kasemaje?"

"Kasema nisubiri wiki mbili. Lakini mbona haliumi?"

"Haliumi kwa sababu dawa imelinyamazisha. Halijapona. Ukilibebesha sasa utalichana, halafu uje kunilaumu mimi."

Nilimnunia vizuri tu. Kisha nikamuuliza, na miguu nayo imekatazwa na nani? Akacheka mwenyewe. Basi nikawa nachuchumaa na kuinuka, mikono kifuani, mpaka nikawa nashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja. Wapo waliosema bibi mzima nimechanganyikiwa. Nikawaacha waseme.

Nyumbani Mzee naye hakunionea huruma. Alikuwa mpakiaji wa magunia maisha yake yote, anajua mzigo unavyotaka kushikwa.

"Umenivuta kama mbuzi vya kutosha," aliniambia.

Akanielekeza nifunge mkanda wangu mpana wa jimu kiunoni, yeye aukamate kwa mkono wake mzima, kidevu akilaze kwenye bega langu zuri, magoti yangu yabane ya kwake. Halafu ninyooshe miguu, basi. Jirani yetu alisimama nyuma tukijaribu. Siku ya kwanza tulianguka kitandani wote wawili, tukacheka hadi jirani akaondoka kwa aibu.

Jumamosi mwanangu akaingia, shati limenyooka, funguo za gari mkononi. Salamu zilikuwa za haraka. Akafungua kabati na kuanza kutia mashati ya baba yake kwenye begi. Mzee, pale kitandani, akageuza uso ukutani. Hapo niliumia kuliko bega lilivyowahi kuniuma.

"Weka begi chini," nikasema. "Unamtaka baba yako, mnyanyue mwenyewe kwanza."

Akakunja mikono ya shati. Akamshika kwapani, akamvuta, vilevile kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Mzee akainuka kidogo, akarudi chini. Alipojaribu tena, kijana akajishika kiuno na kuguna.

"Baba mzito."

"Sijawahi kuwa mwepesi," Mzee akamjibu, bado anaangalia ukuta.

Nikafunga mkanda. Nilijua nikishindwa mbele ya huyu mtoto, mume wangu analala kwingine leo. Nikamgeuza Mzee, nikamketisha ukingoni mwa kitanda. Akaukamata mkanda, akalaza kidevu begani.

"Taratibu, mama watoto," akaninong'oneza. "Twende."

Nikakanyaga sakafu kwa nguvu nilizokuwa nazo. Mapaja yalitetemeka. Bega lilitulia, maana sikuliomba chochote. Tukasimama, tukageuka kwa hatua fupifupi, nikamkalisha kwenye kiti chake.

Mwanangu akauliza kwa sauti ya chini, "Na siku ukishindwa, mama?"

"Nitakuita uje umnyanyue wewe. Kwa hiyo Jumatatu nakusubiri jimu. Kocha atakuanzishia na kopo la rangi."

"Lile dogo," akasema Mzee.

Akaliburuta begi hadi magotini kwa mkono wake mzima, akaanza kutoa mashati yake, moja moja, akimpa mwanawe ayarudishe kabatini.