Saumu ya Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu tulimpa jina la utani Kijiko, kwa sababu tangu akiwa mchanga hakuna aliyemkaribia bila kijiko mkononi. Mama yake, binti yangu wa pekee, anafanya usafi hotelini na huondoka mapema, kwa hiyo kazi ya kumlisha ni yangu. Mimi ni mfumaji wa masweta ya shule. Kazi yangu ni ya kukaa, na anayekaa huona mengi.

Ugonjwa wa Kijiko hauonekani. Ukimtazama utasema ana afya kuliko mwanao. Alipokuwa bado hajatambaa alishikwa na homa, akakataa ziwa, akalala. Tukasema mwacheni alale, usingizi ni dawa. Alilala mpaka tukashindwa kumwamsha, tukamkimbiza hospitali amelegea kama kitambaa kilicholowa. Walipomzindua, daktari wa watoto, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliketi nasi akatueleza pole pole.

Alisema kazi ya mwili ni kuvunja na kujenga, haipumziki. Chakula kinavunjwa kuwa sukari, sukari nayo inavunjwa ndani ya kila chembe ya mwili, na nguvu inayotoka humo inajenga vijipakiti vidogo vidogo. Moyo ukipiga umevitumia, jicho likipepesa limevitumia, na papo hapo vinajengwa vingine, kama betri ya simu inayochajiwa huku unaongea. Sukari ya ziada inawekwa akiba kwenye ini, na inayozidi hapo inajengwa kuwa mafuta. Ukikaa na njaa, ini linatoa akiba yake. Ikiisha, mwili unageukia mafuta.

"Mafuta hayo ni kama uzi mrefu," alisema. "Yanakatwa kipande kwa kipande, na kila urefu una mkataji wake. Wakataji hao tunawaita vimeng'enya. Mtoto wenu amezaliwa bila mkataji wa urefu wa katikati."

Nikamuuliza, "Daktari, umewahi kufumua sweta?"

"Sijawahi, mama. Nieleze."

"Sweta kuukuu tunalifumua ili uzi wake tufumie jipya. Naona huyu anafumua mikono vizuri, akifika kifuani uzi unanasa. Ndivyo?"

"Ndivyo hasa. Na ule uliofumuliwa nusu unarundikana mwilini unakuwa sumu, huku ubongo hauna cha kula."

"Dawa yake?"

"Asikae na njaa. Akiugua, hata mafua, mpeni kitu cha sukari mara kwa mara. Akishindwa kula, au akitapika, msisubiri. Mleteni."

Sasa mimi nami nina siku yangu ya kufunga. Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki, nafunga na kusali siku moja kila wiki, alfajiri mpaka jua lizame. Baada ya ile hospitali niliiweka saumu hiyo kwa ajili ya mtoto. Nilimwahidi Mungu: huyu hawezi kukaa na njaa, basi nitakaa mimi kwa niaba yake. Binti yangu alikuwa akinitania, "Nyumba gani hii, mama? Mmoja analishwa kutwa kucha, mwingine hali kabisa!" Nami nilikuwa nikimwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu zimeshaota mvi.

Kijiko akakua, akaanza shule. Mimi na yeye tunaitana mke mwenza, kama bibi na mjukuu wanavyotaniana, na marehemu babu yake ndiye mume wetu.

Siku moja ya likizo, iliyokuwa siku yangu ya kufunga, aliamka na mafua kidogo. Nikampikia uji wa maziwa, nikautia sukari ya kutosha.

"Mke mwenzangu, njoo unywe uji."

"Nitanywea nje, bibi. Hapa ndani unakutamanisha."

"Nani kakwambia natamani uji wa mtoto?"

"Pua yako."

Nikacheka, nikamwacha aende zake barazani. Bakuli likarudi tupu, nikamshukuru Mungu. Baadaye nikampa mkate wenye siagi. Sahani ikarudi haina hata chembe. Mchana nikampa wali na yai la kuchemsha, na sahani hiyo nayo ikarudi nyeupe.

Hapo sindano za kufumia zikanisimama mikononi. Kijiko hali kiini cha yai. Tangu ameanza kutafuna hajawahi kukila. Hukiacha pembeni ya sahani kizima, duara, utadhani amekitengeneza yeye. Leo kiini kimekwenda wapi?

Nikamtazama vizuri. Yeye ambaye mdomo wake haufungwi hata kwa kufuli alikuwa kimya, ameegemea mlango, anapiga miayo. Vijasho vilikuwa vimemtoka juu ya mdomo. Nikamgusa: baridi. Nikatoka nje. Kuku wa jirani walikuwa wamejazana chini ya baraza, na jogoo wao amegandwa na uji mpaka machoni.

"Kijiko! Chakula umewapa kuku?"

Akaangalia miguu yake.

"Nakuuliza, mjukuu wangu."

"Nimefunga," akasema. "Kama wewe. Namwomba Mungu akuponye macho. Jana ulisema huoni vizuri."

Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nilikuwa nimemlea vizuri mno.

Nikakimbilia jikoni, nikakoroga sukari kwenye maziwa ya vuguvugu, nikapiga magoti mbele yake. "Kunywa."

Akabana midomo. "Nimemwahidi Mungu. Jua halijazama."

"Wewe mgonjwa. Mgonjwa hafungi."

"Siumwi popote."

Hapo ndipo ugonjwa huu ulipo na hila, hauumi. Na sauti yake ilianza kuvutika kama ya mtu anayeongea usingizini. Ningeweza kumbana na kumnywesha kwa nguvu, mikono ninayo, lakini mtoto anayelia huku anamezeshwa hupaliwa, au hutapika, na kutapika ndiko alikotuonya daktari.

"Kijiko, nakusihi."

"Ulisema ahadi ya Mungu haivunjwi. Wewe mbona huvunji?" Akafumba macho kidogo, akayafumbua kwa shida. "Ukinywa wewe, nitakunywa."

Alijua sitakunywa. Saumu ile sikuwahi kuivunja, hata nilipokuwa na homa, hata siku ya harusi ya mama yake, watu wanakula mbele yangu na wakwe wananinunia. Nilikuwa nikiamini ndiyo iliyomshikilia huyu mtoto duniani.

"Mungu wangu, unaniona," nikasema. Nikainua kikombe, nikapiga mafunda mawili. Jua lilikuwa utosini.

Kijiko akanikodolea macho. "Umevunja!"

"Nimevunja. Haya, zamu yako."

Akanywa. Kidogo kidogo, nikimpangusa kidevu, mpaka kikombe kikaisha. Nikambeba mgongoni, mzito kama gunia, nikaenda naye hospitali nikimsemesha njia nzima ili asilale.

Daktari wake alimtoboa kidole. Sukari ilikuwa chini, lakini ilikuwa imeanza kupanda. Wakamtundikia maji ya sukari. Jioni binti yangu alipofika, bado na sare ya kazi, machozi yanamtoka, mtoto alikuwa ameshaanza kumsimulia muuguzi habari za jogoo.

"Mmewahi," daktari aliniambia. "Angelala, tungekuwa tunazungumza mengine."

"Kuku!" binti yangu akafoka, huku amemkumbatia. "Watu wanatafuta chakula, wewe unawafungulia kuku hoteli!"

Wiki iliyofuata, siku yangu ilipofika, nilisali alfajiri kama kawaida. Kisha nikapika uji, nikaandaa mabakuli mawili mezani, nikakaa.

Kijiko akanitazama, akalitazama bakuli langu. "Bibi, leo si siku yako?"

"Ni siku yangu."

"Mbona unakula?"

"Kwa sababu na wewe unakula."

Akakoroga uji wake, anafikiri. "Mungu hajakasirika?"

"Akikasirika ataniambia mimi. Wewe hiyo kesi haikuhusu. Kunywa uji, unapoa."

Akachota, akapuliza, akameza. Mimi nikachota kijiko changu. Kilinipita kooni kwa taabu siku hiyo, nikachota kingine.